Tarehe Moja kwa Kazi Zote

Mwenye kuwajibika ni mkuu wa sehemu ya umeme katika chuo kimoja cha ufundi hapa Bunia. Naliandika hilo kwanza ili msomaji asilitafute mpaka mwisho. Jina lake silitaji; alilolitenda alilitenda kwa cheo, na ni cheo kinachopaswa kujibu. Aliliondoa jina la mpwa wangu katika orodha ya wanafunzi watakaotetea kazi zao za kumaliza masomo. Sababu aliyoitoa kwa mdomo, bila kuiandika popote, ni kwamba binti huyo alichagua programu ya kompyuta isiyofaa.

Mimi ni mstaafu wa utawala wa mkoa. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliipitisha katika ofisi ya maji ya vijijini, si kama fundi bali kama mtu wa mezani: barua zinazoingia, barua zinazotoka, ripoti za visima, maombi ya vipuri. Kuchomelea bomba sijui. Ninachokijua ni sura ya karatasi inaposema kweli. Kazi hiyo iliniachia tabia ambayo watoto wangu huicheka hadi leo: nikipewa karatasi yoyote, hata mwaliko wa harusi, husoma tarehe kabla ya kusoma jina.

Mpwa wangu ni binti wa dada yangu. Alikuja kukaa kwetu kutoka upande wa Mahagi ili asome, na mama yake amebaki ziwani, akiuza samaki. Ni mtu wa maneno machache anapokuwa na furaha na wa maneno mengi anapokuwa na wasiwasi. Mwaka huu ulikuwa wake wa mwisho chuoni. Alibakiwa na kitu kimoja tu, ile kazi ya kuandika na kuitetea mbele ya jopo, ambayo wanafunzi wote huiita tefese. Asipotetea katika kikao kinachokuja, mada yake inafutwa na anarudi ziwani bila diploma. Mwaka mwingine wa masomo haupo. Mama yake ameshasema.

Mada aliipata mtaani kwetu. Tuna tangi la maji juu ya mnara wa chuma, na pampu inayolijaza kutoka kisimani. Mimi ni katibu wa komite ya maji, kwa hiyo matatizo ya tangi hilo huyasikia kabla sijanywa chai. Mwanzoni palikuwa na boya lililowasha na kuzima pampu lenyewe. Boya lilipanda kidogo, pampu ikazima. Lilishuka kidogo, pampu ikawaka. Siku nzima pampu ilikohoa namna hiyo mpaka mota ikaungua. Tulipopata mota nyingine, tukaliondoa boya na kumwachia mlinzi wa pampu kazi ya kuwasha na kuzima kwa mkono. Mlinzi naye ni binadamu. Akienda kusali, tangi hufurika, na maji huwaangukia akina mama waliopanga madumu chini.

"Papa mulinzi," nilimsikia mama mmoja akimwambia siku moja, kitenge kimemlowa mpaka mabegani, "weye unatubatiza tena? Siye tulishabatizwaka."

"Mama, ile njo maji ya juu," mlinzi akajibu. "Ya chini munalipa, ya juu iko ya bure."

Akina mama wakacheka, lakini pale walipokuwa wamesimama palikuwa matope mekundu, na asubuhi iliyofuata tangi lilikuwa tupu.

Mpwa wangu akaomba kazi yake iwe juu ya tangi hilo. Alinieleza shauri lake barazani, akichora kwa chaki sakafuni. Ndani ya tangi huwekwa alama mbili zenye swichi, ya chini na ya juu. Maji yakishuka hadi alama ya chini, pampu inawaka. Yakipanda hadi ya juu, inazima. Katikati, pampu inaendelea na ilichokuwa ikifanya. Ugumu wote uko katika umbali wa alama hizo. Zikikaribiana, pampu inakohoa kama zamani. Zikiachana mno, tangi linakauka saa ya asubuhi ambapo kila nyumba inateka maji. Badala ya kujaribu kwenye pampu yenyewe na kuiunguza tena, unatengeneza tangi la hesabu ndani ya kompyuta, unaliacha lijae na kukauka, na unatafuta umbali unaofaa. Nilipenda jambo hilo tangu nilipolisikia. Tangi ambalo unaweza kulifurisha mara zote unazotaka, na hakuna mama anayelowa.

Ili tangi la hesabu lifanane na la kweli, alihitaji vipimo. Alifunga kifaa kidogo tangini kinachopima urefu wa maji, akakiunganisha kwa waya na kompyuta yake katika kibanda cha pampu, nayo ikawa inaandika kipimo na saa yake mchana kutwa. Jioni aliibeba kompyuta hiyohiyo nyumbani na kufanya uigaji wake kwa programu ya chuo, programu kubwa ambayo wahandisi wa nchi nyingi huitumia.

Jioni moja alinipa karatasi yenye mchoro. Mistari yake ilipanda na kushuka vizuri sana. Mimi nikasoma pembe ya chini.

"Hii karatasi umechapisha lini?"

"Leo, mujomba. Nimetoka ku siberi, pale banachapishaka, sasa hivi."

"Basi mbona hapa chini imeandikwa mwaka mwingine? Huo mwaka, tangi halikuwa limejengwa. Na weye ulikuwa ungali na unifome ya shule ya primere."

Akacheka. "Ah, ile haina kitu. Siye bote tunarudishaka tarehe."

"Bote ni nani?"

"Banafunzi bote. Ile programe iko ya kulipa, mujomba. Mukubwa wa seksio anatupatiaka ku kle yake ya USB. Lakini iko na siku ya mwisho. Ikifika, inakataa kufunguka. Sasa unakata enternet, unarudisha tarehe ya ordinatere nyuma, inawaza kama ile siku haiyafika. Njo somo ya kwanza."

"Na hiyo tarehe ni ile ile kwa watu wote?"

"Ile ile. Iko ya kuandika ku kibao ya labo, pale juu. Hawafutaka."

"Kisha mnairudisha mbele?"

"Bengine banarudisha. Mimi nasahaulaka."

Katika ofisi yetu, mtu aliyeandika tarehe ya nyuma katika karatasi ya Serikali aliitwa mghushi, na hakuna aliyebishana juu ya neno hilo. Lakini sikutaka kumhubiria mtoto aliyefundishwa darasani, ubaoni, na mwalimu wake. Nilimwuliza tu swali lililonijia kwa kawaida ya kazi.

"Na kile kifaa cha tangini, saa yake kinaipata wapi?"

"Ku ordina..." akasema, akaifuata kompyuta yake.

Aliketi kwenye kizingiti cha mlango, kompyuta magotini, akafungua vipimo vyake. Nilimwona akishusha kidole kwenye kioo, akipandisha, akishusha. Kila jioni alirudisha tarehe kwenye siku ileile ya ubaoni, na kila aliposahau kuirekebisha, vipimo vya kesho yake viliandikwa kwa siku moja tu, ile inayofuata ya ubaoni. Jumatatu ililala juu ya Jumanne, Jumanne juu ya Jumatano. Kompyuta ilipovipanga kwa saa, ilivichanganya vyote kama punje za mahindi na maharagwe. Dakika moja tangi lilikuwa limejaa na dakika iliyofuata lilikuwa karibu tupu, kisha limejaa tena. Programu kubwa haikulalamika. Ilipokea upuuzi huo kwa heshima, ikatoa mistari mizuri, na ikashauri alama mbili zikae karibu mno. Tungezifuata, mota ya pili ingeungua kama ya kwanza.

"Mujomba," akasema, "mashine haikosei. Mimi njo niliidanganya."

"Uliambiwa uidanganye," nikamjibu. "Hayo ni mambo mawili tofauti."

Nilifikiri mengi juu ya jioni ile. Watu wengi hapa mjini huona kuchukua programu bila ruhusa kuwa kosa dogo, lisilomwumiza mtu aliye karibu. Mwenye programu yuko mbali, hatumwoni. Mimi mwenyewe nisingeweza kuwaonyesha wanafunzi hao hasara yake kwa maneno ya sheria. Lakini hapa hasara ilikuwa imeketi kizingitini mwangu. Ili kumdanganya mtu wa mbali juu ya siku ya leo, ilibidi kompyuta yote idanganywe, na kila kitu kilichoiamini saa ile kikadanganyika pamoja nayo.

Jumamosi iliyofuata tukaketi kuchagua upya. Nilimweleza jinsi tulivyonunua vitu katika idara yetu, siku tulizonunua kwa haki. Kabla ya mwuzaji yeyote kuingia mlangoni, tuliandika kazi yenyewe: gari litapita njia gani, litabeba nini, nani atalitengeneza likiharibika, na vipuri viko wapi. Aliyekuja kwanza na jina la gari alitumwa nje asubiri. Basi nikamwambia asinitajie programu yoyote. Aniambie kazi.

Kazi, akasema, ni tangi moja, pampu moja, alama mbili, na kuchelewa kidogo kabla ya pampu kutii, kwa kuwa maji yakiingia kwa nguvu uso wake hucheza na kifaa hukosea kwa muda. Kompyuta ni ya zamani. Umeme huja ukitaka. Mtandao uko siberi tu. Nikaongeza moja ambalo yeye hakuwa amelifikiria: yeye atamaliza masomo na kuondoka, na komite itabaki. Wakati wa kiangazi alama zitahitaji kusogezwa. Nani atafungua hesabu hizo, na kwa programu ipi?

"Sasa niambie," nikasema, "ile programu kubwa inafanya nini ambacho kazi hii inakihitaji?"

Alifikiri sana. "Inafanya ndege, mujomba."

"Tuna ndege?"

"Tuko na dumu."

Alikuwa na haki ya kuitetea programu hiyo, na aliitetea. Ni nzuri, alisema, na siku akiajiriwa na kampuni iliyoilipia, huko kwenye machimbo ya dhahabu ya Kilo au kwingineko, ataitumia kwa furaha. Sikumpinga. Gari kubwa si baya kwa sababu njia yetu ni nyembamba.

Kwanza alijaribu kwa jedwali la kawaida la hesabu, lile ambalo hata mweka hazina wa parokia analo. Kila mstari ulikuwa dakika moja: maji yaliyokuwepo, ongeza yaliyoingia, toa yaliyotekwa. Niliketi kando yake nikaliona tangi likikauka kuelekea chini ya ukurasa, na kwa mara ya kwanza nilielewa kila alichokifanya. Lakini alipofika kwenye kule kuchelewa, fomula zilirefuka mpaka yeye mwenyewe akapotea ndani yake. Akatafuta programu huria, yenye ruhusa ya matumizi iliyoandikwa wazi ndani yake, ambamo unachora visanduku na mishale. Ilikuwa nzito, siberi umeme ulikatika kabla haijamaliza kushuka kutoka mtandaoni, na alipoipata hatimaye, kompyuta yake ilipumua nayo kama mtu mwenye pumu. Mwishoni akachukua lugha ndogo ya kuandikia programu, nayo ya bure na ya halali, akaandika tangi lote katika maandishi yasiyojaza kurasa mbili. Hakuna kilichofichwa ndani ya kisanduku. Alipima upya, na saa ya kompyuta ikiwa sahihi. Kisha akaliiga tangi lilelile, bila ule ucheleweshaji, kwa jedwali na kwa lugha ile, na mistari miwili ikakaa moja juu ya nyingine. Siku hiyo hakusema mengi.

Maandishi yale yakawa ya tefese, na jedwali likawa la komite. Na katika tefese aliweka ukurasa mmoja wa kueleza uchaguzi wake. Humo aliandika, bila kumlaumu mtu, kwamba vipimo vya kwanza viliharibika kwa sababu tarehe ya kompyuta ilirudishwa nyuma kama ilivyo desturi ya maabara, na kwamba alivitupa akapima upya.

Ukurasa huo ndio uliomwondoa katika orodha. Mkuu wa sehemu alimwita, akamwambia kazi haiwezi kupokelewa kwa programu ya mitaani. Nilikwenda naye kesho yake, nimevaa koti, kwa kuwa naheshimu ofisi hata ninapokwenda kuilalamikia. Mkuu alitupokea kwa adabu. Aliniletea kiti mwenyewe.

"Muzee, nakuheshimu sana," alisema. "Lakini hapa tunafundisha bahandisi. Muhandisi anatumia programe ya bahandisi. Wakati yenu ilikuwa ya mashine ya kuchapa, haiko hivi?"

"Ilikuwa hivyo," nikasema. "Na mashine yangu haikuwahi kuniomba nidanganye siku. Sharti hilo la programu liko wapi kwa maandishi?"

"Iko ni desturi ya seksio."

"Na haki ya kuitumia programu hiyo, sehemu yako inayo?"

Alitabasamu. "Muzee. Dunia yote inafanyaka vile."

"Hesabu zangu ziko na kosa, mukubwa?" mpwa wangu akauliza. Ndilo jambo pekee alilouliza siku ile.

Mkuu alifungua kazi yake, akageuza kurasa, akafika kwenye ukurasa ule na kuuwekea kiganja. "Hesabu haina kosa. Toa hii ukurasa. Rudilia michoro ku programe ya seksio. Utatetea pamoja na benzako, na mambo itaisha."

Nilipotoka nikaomba kuingia maktaba ya chuo, na mtunzaji, mtu mwema, akaniruhusu. Rafu ya sehemu ya umeme iko karibu na dirisha. Nilizifungua kazi za miaka tofauti: taa za barabarani, jokofu la chanjo, mashine ya kusaga muhogo, tanuri la mkate. Kila mchoro, pembe ya chini, ulikuwa na siku ileile. Vijana waliomaliza kwa kupishana miaka, wengine wao sasa wana watoto, wote kwa maandishi yao walifanya majaribio yao yote siku moja. Nikianzia kalenda ya ukutani mwa mtunzaji, nilihesabu kurudi nyuma hadi siku hiyo. Ilikuwa Jumapili.

Sikucheka. Nilikumbuka kwamba kila moja ya kazi hizo ilisomwa na jopo, ikapewa alama na kupigwa muhuri, na muhuri ulikuwa na tarehe ya kweli. Tarehe mbili zisizoweza kupatana zilikaa katika jalada moja, na hakuna aliyeuliza. Wala sikuweza kujua ni kazi ipi kati ya hizo iliyokuwa na vipimo vilivyochanganyika kama vya mpwa wangu. Labda hakuna. Labda tanuri lile la mkate linaunguza mikate mahali fulani hata sasa.

Jioni dada yangu alipiga simu kutoka ziwani. Alikuwa ameshasikia. "Toa ile ukurasa, mwanangu," nilimsikia akisema, kwa sauti ya mtu aliyesimama muda mrefu. "Ukurasa moja iko nini? Karatasi tu."

Ninakiri kwamba hata mimi nilimtakia binti huyo diploma kuliko nilivyotaka kushinda. Kwa hiyo nilimwachia ajibu mwenyewe.

"Mama," akasema, "nikiitoa, watu balioniona nikipima mara mbili bataniuliza vipimo vya kwanza vilienda wapi. Nitasema nini? Tena nirudishe tarehe?"

Upande wa pili pikipiki zilipita. Kisha mama yake akasema, "Basi mujomba wako aandike. Yeye njo anajua kuandikia bakubwa."

Kwa hiyo naandika. Komite haikungoja jopo. Fundi wetu aliziweka alama mbili tangini pale ambapo hesabu za mpwa wangu zilisema, na tangu hapo pampu inawaka, inafanya kazi, na inapumzika. Mlinzi huenda kusali na kurudi, na akina mama wanapanga madumu mahali pakavu. Wamepunguza mizaha, jambo ambalo mlinzi analisikitikia. Mwenye kazi hiyo yuko nyumbani kwangu, jina lake haliko kwenye orodha, na kikao kinakaribia.

Nadai, kwa hiyo, kwa adabu na kwa haki niliyo nayo kama mlezi wake na kama katibu wa komite inayotumia matokeo yake: kwamba mkuu wa sehemu ya umeme aeleze kwa maandishi ni sharti gani, lililopitishwa na nani, lililomruhusu kulifuta jina la mwanafunzi ambaye hesabu zake yeye mwenyewe alikiri hazina kosa, kwamba jina hilo lirudishwe kabla ya kikao, na ukurasa ule ubaki mahali pake, kwamba tarehe iliyo kwenye ubao wa maabara ifutwe mbele ya wanafunzi walioifundishwa, na chuo kieleze kitafanya nini na rafu ile iliyo karibu na dirisha. Nadai jibu lenye sahihi na cheo cha mwenye kulitoa, na chini yake iandikwe tarehe ya siku ambayo kweli litaandikwa.